Boliti Zinazofunga Injini

Katika sura iliyopita tulijifunza habari za mteremko. Tuliona kwamba pipa la maji huviringishwa kwa urahisi juu ya ubao ulioegemezwa kwenye gari, hali watu wawili hawawezi kulinyanyua moja kwa moja. Katika sura hii tutautazama mteremko mwingine. Huu ni mdogo, nao umezungushwa kwenye kipande cha chuma mfano wa msumari mnene. Jina lake ni boliti.

Boliti zipo kila mahali. Zipo kwenye baiskeli, kwenye cherehani, kwenye mashine ya kusaga nafaka, na pengine kwenye dawati lako. Lakini kuna mahali ambapo boliti hufanya kazi ngumu kupita kiasi, napo ni ndani ya injini ya gari la mashindano. Huenda umesikia habari za mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda, aliyashinda mara tano: mwaka 1973, kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Magari hayo yalikwenda maelfu ya kilomita katika vumbi, matope na mashimo. Dereva husifiwa, na hiyo ni haki yake. Lakini hakuna injini iliyofika mwisho wa safari ile ikiwa boliti zake zimekatika.

Mteremko uliozungushwa

Kata karatasi iwe pembetatu yenye pembe mraba. Paka wino kwenye ukingo wake mrefu kuliko zote. Sasa laza upande mfupi wa karatasi sambamba na penseli, kisha izungushe karatasi yote kwenye penseli hiyo. Unaona nini?

Ukingo uliopakwa wino umekuwa mstari unaopanda penseli huku ukiizunguka. Mistari ya namna hiyo iliyomo kwenye boliti huitwa hesi. Nati inapozungushwa huupanda mteremko huo polepole sana. Katika boliti nyingi zenye unene wa milimita 10, nati ikizunguka mara moja husogea milimita moja na nusu tu. Lakini mkono wa fundi, ukishika spana yenye urefu wa sentimita 30, umesafiri karibu sentimita 190 katika mzunguko huo mmoja. Mkono umekwenda mbali ili nati isogee kidogo; kwa hiyo nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa nguvu kubwa kwenye boliti. Hivyo ndivyo mteremko wowote ufanyavyo kazi.

Zamani kila karakana ilichonga hesi kwa vipimo vyake yenyewe, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye boliti ya karakana nyingine. Mwaka 1841 fundi mmoja wa Uingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza vipimo vya namna moja kwa wote. Leo vipimo vinavyotumika zaidi duniani ni vile vya milimita.

Boliti ni springi

Watu wengi hudhani kwamba boliti hushika vitu kama msumari unavyoshika mbao. Sivyo. Boliti iliyokazwa vizuri imevutwa. Imerefuka kidogo, nayo hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, kama mpira uliovutwa. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vitu pamoja.

Tufanye jaribio ili tuone maana ya jambo hili. Tafuta vipande viwili vya mbao, utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, kamba, mfuko na mawe yanayolingana kwa ukubwa. Funga kamba kwenye kila kipande cha mbao. Weka kipande kimoja chini ya kingine na utie karatasi katikati yao. Vizungushie vyote viwili utepe wa mpira bila kuuvuta, kisha uufunge. Ning'iniza kipande cha juu kwenye tawi, na mfuko uning'inie kwenye kipande cha chini. Usiweke miguu yako chini ya mfuko. Tia jiwe moja mfukoni, kisha la pili.

Mbao zinaachana mara moja na karatasi inaanguka. Sasa rudia jaribio, lakini safari hii uvute mpira kwa nguvu kabla ya kuufunga. Tia mawe moja moja huku ukihesabu. Mbao hazisogei, na karatasi haitoki hata ukiivuta. Utepe haurefuki zaidi ingawa mawe yanaongezeka. Endelea mpaka mbao zianze kuachana. Hapo uzito wa mawe umeishinda nguvu uliyoufungia mpira.

Mpira ule ni boliti. Karatasi ni gasketi, yaani ule utando mwembamba unaowekwa kati ya bloku ya injini na kifuniko chake ili moto na maji visipenye. Kifuniko hicho mafundi hukiita silinda hedi.

Nguvu iliyomo ndani ya silinda

Petroli inapowaka ndani ya silinda, gesi ya moto husukuma pistoni chini. Gesi hiyo haichagui upande. Husukuma kifuniko juu kwa nguvu ile ile. Ni nguvu kiasi gani? Chukua silinda yenye upana wa milimita 80. Uso wa pistoni yake una eneo la sentimita za mraba 50 hivi. Katika injini ya kawaida, gesi inaweza kusukuma kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 60. Hesabu mwenyewe: 50 mara 60 ni 3,000. Ni kana kwamba magunia 30 ya mahindi, kila moja la kilo 100, yamefungwa kwenye kifuniko yakitaka kukibandua. Katika injini ya mashindano inayolazimishiwa hewa nyingi, magunia huwa 50 na zaidi.

Injini nyingi za silinda nne zina boliti 10 za kushika kifuniko. Boliti hizi zikilegea, gesi hupenya kwenye gasketi na kuiunguza. Maji ya kupozea huingia ndani ya silinda, moshi mweupe hutoka nyuma ya gari, na safari huishia hapo. Kwa hiyo boliti hukazwa kwa nguvu inayozidi sana ile ya gesi, ili kifuniko kisiachane na bloku hata kwa unywele mmoja.

Boliti mbili zenye kazi ngumu kuliko zote

Pistoni imeunganishwa na krenki kwa mkono wa chuma uitwao konrodi. Sehemu ya chini ya mkono huo imegawanyika vipande viwili vinavyoikumbatia krenki, na vipande hivyo hushikwa pamoja na boliti mbili tu.

Fikiri juu ya kazi ya boliti hizo. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huzunguka mara 100 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni hupanda mbio, husimama ghafla juu, kisha huvutwa chini. Umepata kusimama ndani ya basi lililofunga breki ghafla? Mwili wako ulitaka kuendelea mbele. Pistoni nayo hutaka kuendelea juu, na kinachoizuia isiende ni konrodi na boliti zake mbili.

Pistoni na vitu vinavyokwenda nayo vikiwa na uzito wa nusu kilo tu, na kila safari yake ikiwa ya milimita 80, kwa mwendo huo wa mizunguko 6,000 huvuta kwa nguvu ya kilo 1,000 hivi. Ni magunia 10! Sasa angalia jambo la ajabu. Mwendo ukipungua kwa nusu, mvuto haupungui kwa nusu, bali hubaki robo: magunia mawili na nusu. Na injini ya mashindano ikifikia mizunguko 9,000, mvuto hufika magunia 23 hivi. Ndiyo sababu boliti zilizotosha kwa gari la kwenda sokoni hazitoshi kwa gari la mashindano, hata kama injini zote mbili zina ukubwa mmoja.

Kuna hatari nyingine. Chukua waya mwembamba, uukunje na kuukunjua mara nyingi mahali pale pale. Mwishowe unakatika, ingawa hukutumia nguvu nyingi. Huo huitwa uchovu wa chuma. Boliti ya konrodi iliyolegea huvutwa na kuachwa, huvutwa na kuachwa, mara 100 kwa sekunde. Ufa mdogo huanza, mara nyingi kwenye bonde la hesi au penye mkwaruzo, nao hukua mpaka boliti ikatike. Konrodi ikiachana na krenki kwa mwendo ule, hutoboa ukuta wa bloku, na injini nzima huwa si kitu tena. Lakini boliti iliyokazwa kupita mvuto wa pistoni haivutwi na kuachwa. Kumbuka utepe wa mpira: ulipofungwa kwa nguvu haukurefuka kwa kuongezewa mawe.

Chuma chenyewe

Tazama kichwa cha boliti nzuri ya vipimo vya milimita. Utaona tarakimu, kwa mfano 8.8, au 10.9, au 12.9. Wengi hudhani ni alama ya kiwanda. Tarakimu hizo husomwa hivi. Katika 10.9, ile 10 maana yake ni kwamba kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho hubeba karibu kilo 100 kabla ya kukatika. Hebu fikiri: gunia la mahindi likining'inia kwenye uzi wa chuma usio mnene kuliko njiti ya kiberiti! Ile 9 inayofuata nukta maana yake ni sehemu tisa za kumi. Boliti ikivutwa chini ya sehemu tisa za kumi za nguvu hiyo, hurudi katika urefu wake. Ikivutwa zaidi, hubaki imerefuka na uspringi wake huharibika. Boliti ya 8.8 hubeba kilo 80, na ya 12.9 hubeba kilo 120. Boliti hafifu za vitanda na mageti mara nyingi ni 4.6 au 4.8.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Chuma cha pua, ambacho pia huitwa feleji, huchanganywa na madini kidogo kama kromi na molibdeni. Hutiwa motoni mpaka kiive chekundu, hutumbukizwa katika mafuta ili kiwe kigumu, kisha hupashwa moto tena, mdogo kuliko ule wa kwanza, ili kisiwe chepesi kuvunjika kama chupa. Viwanda vya boliti za mashindano, kama ARP cha California nchini Marekani kilichoanzishwa mwaka 1968, huchagua mchanganyiko wenye kubeba kilo 150 na zaidi kwa kila milimita ya mraba.

Hesi za boliti hizo hazichongwi. Boliti hubiringishwa kati ya vibao viwili vigumu vyenye mifuo, na chuma hufinywa mpaka kichukue umbo la hesi. Chuma kilichochongwa ni kama ubao uliokatwa kwa msumeno kukingama nyuzi zake. Kilichobiringishwa ni kama tawi ambalo nyuzi zake zinafuata umbo lake.

Kukaza kwa kipimo

Siku moja niliona fundi akiichomeka bomba spana yake ili iwe ndefu, akaikaza boliti ya kifuniko kwa uzito wa mwili wake wote. Alidhani anaongeza usalama. Boliti ilikatika ndani ya bloku, na ilichukua siku mbili kukitoa kipande kilichobaki. Ingekuwa heri kwake kama ingekatika mapema. Boliti iliyovutwa kupita kiasi bila kukatika hungoja mpaka gari liwe mbali na nyumbani.

Kwa sababu hiyo mafundi hutumia spana yenye kipimo. Hata hivyo, spana hiyo hupima nguvu ya kuzungusha, haipimi mvuto wa boliti. Katika sehemu kumi za nguvu ya mkono, karibu tisa huliwa na msuguano wa hesi na wa kichwa cha boliti, na moja tu ndiyo huivuta boliti. Hesi zenye kutu zitakula zaidi, na zenye mafuta zitakula kidogo, ingawa spana inaonyesha tarakimu ile ile. Mafundi wa magari ya mashindano hawaridhiki na hilo. Hupima urefu wa boliti ya konrodi kabla ya kuikaza na baada ya kuikaza. Boliti ya 10.9 yenye urefu wa sentimita 10 hurefuka kwa theluthi moja hivi ya milimita ikikazwa sawasawa, na fundi hukaza mpaka aupate urefu alioagizwa na kiwanda.

Maswali

1. Kwa nini mbao ziliachana mapema katika sehemu ya kwanza ya jaribio la utepe wa mpira?

2. Boliti yenye alama 12.9 ina eneo la milimita za mraba 36. Itakatika ikibeba kilo ngapi? Je, mpaka kilo ngapi itaweza kurudi katika urefu wake?

3. Pistoni huvuta kwa nguvu ya kilo 1,000 injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Itavuta kwa kilo ngapi kwa mizunguko 12,000?

4. Tembelea gereji iliyo karibu na shule yenu pamoja na mwalimu. Mwombe fundi akuonyeshe boliti kuukuu. Soma tarakimu zilizo kwenye vichwa vyake, uziandike, kisha umwulize kila boliti ilitoka sehemu gani ya gari.