Jiwe Lisilosomeka na Neno la Uzushi

Bwana Mshauri,

Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Bungoma, nami nimenunua shamba dogo nje ya mji wa Kitale. Nilipokuwa nikichimba msingi wa ghala la mahindi pamoja na kibarua wangu, tulikuta jiwe pana lenye alama zilizochongwa, miduara na mistari, wala hapana aliyeweza kuzisoma. Baba mdogo wangu aliyeko Bungoma ameeneza habari kwamba nilizichonga mwenyewe usiku ili niwauzie matajiri kitu cha uongo, na kwa kuwa kazi yangu ni kuchonga mawe, watu wamesadiki. Nimejitahidi kuwaeleza kwamba jiwe ni la watu wa kale, hawanisikii. Wakwe zangu wamesimamisha mazungumzo ya mahari, wazee wanataka nile kiapo mbele ya ukoo, na rafiki zangu wanasema nilivunje jiwe niepukane na balaa. Nifanye nini?

Msingiziwa, Kitale

Mwanangu Msingiziwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini, nami naona kwamba mashauri yaliyomo ni mawili. La kwanza ni la jiwe, kwamba ni la kale au ni la jana. La pili ni lako wewe, kwamba ndiwe uliyelichonga au siwe. Wanaokutuhumu wameyachanganya, nawe katika hamu yako ya kujitetea umeyachanganya vilevile, ukadhani kwamba ukiuthibitisha ukale wa jiwe utakuwa umeuthibitisha uaminifu wako. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokusihi uliache, na sababu yangu imo katika kisa cha mtu aliyepatwa na masaibu kama yako.

Mwaka 1898 Olof Ohman, mkulima wa Kiswidi aliyehamia Marekani, alikuwa aking'oa miti katika shamba lake karibu na Kensington, jimbo la Minnesota, akakuta bapa la jiwe lenye uzito wa kilo 90 na zaidi, limekumbatiwa na mizizi ya mti, na mwanawe mdogo ndiye aliyetambua kwamba lina maandishi. Yalikuwa ya herufi za runi, zilizotumiwa zamani na watu wa Ulaya ya kaskazini, na yalipofasiriwa yakaonekana kutaja safari ya Wagothi wanane na Wanorwe 22 mwaka 1362, yaani miaka 130 kabla ya Columbus kuvuka bahari. Profesa Olaus Breda wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyahukumu kuwa ni ya siku za karibuni, jiwe likarudi kwa mwenyewe, naye akalilaza kifudifudi karibu na ghala lake la nafaka. Ndipo watu walipomgeukia Ohman. Alikuwa fundi seremala, wakasema anazo zana. Nyumbani mwake palikuwa na kitabu cha Kiswidi kinachoonyesha herufi za runi, wakasema anayo elimu. Zingatia jinsi patasi na kitabu, vitu vya halali katika nyumba ya mtu wa halali, vilivyogeuzwa kuwa mashahidi wa jambo ambalo hapana jicho lililoliona.

Mwaka 1909 Ohman alitia saini hati ya kiapo, akaeleza mahali alipolikuta jiwe, ukubwa wa mti, jinsi mizizi ilivyolala na vipimo vya jiwe lenyewe. Jirani yake naye akala kiapo chake juu ya yale aliyoyaona yeye. Wataalamu wengi wa lugha mpaka leo wanaona kwamba maandishi yale yalitungwa katika karne ya 19, walakini haijabainishwa ni mkono wa nani uliochonga, na Ohman alifariki mwaka 1935 pasipo kukiri kamwe kwamba ni wake. Hapo ndipo penye faida kwako: yamkini jiwe ni la uongo, na aliyelifukua ni mkweli mtupu. Kwa hiyo iwapo kesho mjuzi atasema kwamba alama zako hazina hata miaka 50, usighadhibike wala usibishane naye. Bado utakuwa mtu aliyechimba msingi akakuta jiwe.

Wala usione haya kwamba hazisomeki. Upande wa Busia, si mbali na kwenu Bungoma, katika vilima vya Chelelemuk, liko jabali la Kakapel lenye michoro ya miduara na ng'ombe, kazi ya vizazi mbalimbali vilivyochora mmoja juu ya mwingine. Lilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004, na hata sasa hapana awezaye kusema kwa yakini miduara ile ilikusudiwa nini.

Sasa, jiwe usilivunje, maana ukilivunja leo watasema umeficha taksiri yako. Usilisugue wala usilioshe. Wewe mwashi wajua kuliko mimi jinsi mkato mpya unavyong'aa na kuacha unga pembeni, na jinsi mkato wa zamani unavyofifia ukalingana na uso wa jiwe; basi udongo uliomo ndani ya mistari ile ni ushahidi, uache kama ulivyo. Simamisha kuchimba, kisha upeleke habari katika Makumbusho ya Kitale, kwani Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mwenye kuvumbua kitu cha kale atoe taarifa. Tajiri akija na fedha, mkatalie mbele ya watu.

Kisha nenda kwa wakili uandike hati ya kiapo: siku, kina cha shimo, jiwe lilivyolala, na aliyekuwapo. Kibarua wako aandike yake, kwa maneno yake mwenyewe, wala usimfundishe hata neno moja.

Ama kiapo cha ukoo, wazee wana haki ya kuheshimiwa, nawe nenda Bungoma ukae mbele yao kwa adabu, ukiandamana na mtu mzima anayestahiwa na pande zote mbili. Lakini kwa insafu mwenye kudai ndiye atakiwaye kuleta bayana. Ndivyo walivyohukumu makadhi wa pwani tangu dahari, ndivyo isemavyo Sheria ya Ushahidi ya Kenya, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, humhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike kinyume. Mwombe baba mdogo wako, pasipo kumtukana, aseme alikuona lini, au ni nani aliyemwambia. Mashtaka ya kukashifiwa yapo, ila gharama yake ni kubwa na uhasama wake katika ukoo haupoi upesi, yaweke nyuma.

Na nyinyi jamaa zake mlioko Bungoma, pamoja na wakwe zake, iwapo gazeti hili litawafikia, nawasihi mumwite huyo aliyemwona kijana akichonga, aje aseme mbele yenu ni usiku upi na yeye alikuwa amesimama wapi. Akikosekana, rudisheni mazungumzo ya mahari pale yalipokuwa.