Mbio za Milimani: Jipime Kabla Mlima Haujakupima

Huenda wewe msomaji ni mmoja wa wakazi wa Kisumu ambao kwa miezi kadhaa sasa wamekuwa wakiamka alfajiri na kukimbia kwenye lami, kutoka Milimani hadi Dunga na kurudi. Miguu imezoea, pumzi imeongezeka na tumbo limepungua kidogo. Sasa rafiki yako wa kazini amekushawishi mjiandikishe kwa mbio za vijia vya milimani, kilomita 12 za kupanda na kuteremka. Umekubali bila kusita, kwani kilomita 12 ni nini kwa mtu aliyezoea kukimbia 10 kila Jumamosi?

Hapo ndipo wengi hukosea. Mlima una hesabu yake, na asiyeijua huifahamu akiwa amekaa kwenye jiwe, mapaja yanatetemeka na maji yamekwisha. Mbio hizi ni zoezi zuri kwa moyo, kwa mifupa na hata kwa akili iliyochoshwa na kelele za mjini. Lakini zinahitaji matayarisho ya aina yake, hasa kwetu sisi wa kando ya Ziwa Victoria ambako joto, malaria na hali ya damu za watu wengi vina la kusema katika jambo hili.

HESABU YA MLIMA

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo ingali inatumika hadi leo. Kwa vipimo vyetu, kanuni hiyo yasema kwamba kila mita 100 unazopanda kwenda juu ni sawa na kuongeza mita 800 hivi za mwendo wa tambarare. Kwa hiyo, ikiwa mbio zako ni za kilomita 12 na zina jumla ya mita 500 za kupanda, mwili wako utafanya kazi ya kilomita 16. Ukiwa umezoea dakika saba kwa kilomita, usitarajie kumaliza kwa dakika 84. Jitayarishe kwa karibu saa mbili, na zaidi ikiwa kuna mawe au matope.

Basi swali la kwanza la kuwauliza waandalizi si umbali tu, bali pia ni mita ngapi za kupanda, na vituo vya maji viko wapi.

Aidha, ondoa aibu ya kutembea. Kenya imetoa mabingwa wa dunia wa mbio za milima: Lucy Wambui Murigi alishinda mwaka 2017 na tena 2018, naye Patrick Kipngeno akashinda mbio za kupanda mwaka 2022 na 2023. Lakini katika mchezo huu hata wakimbiaji wa kutajika hutembea mahali palipoinuka sana, mikono ikisukuma magoti. Pale ambapo kukimbia hakukupi kasi kuliko kutembea kwa hatua za haraka, kukimbia ni kupoteza nguvu bure.

KWANZA NENDA UKAPIMWE

Kabla ya kununua raba mpya, pitia zahanati. Mtu anayekaa ofisini kutwa, hasa aliyepita umri wa miaka 35, sharti apimwe shinikizo la damu na sukari. Kama umewahi kuzimia ukifanya mazoezi, au kusikia maumivu ya kifua, au ikiwa katika jamaa yenu kuna aliyekufa ghafla angali kijana, mweleze daktari bila kuficha.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi wetu hawakifikirii, nacho ni cha selimundu. Wasomaji wengi wanaujua ugonjwa huu ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Mtoto aliyerithi kasoro hii kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Lakini aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, na aghalabu hajui lolote. Watu wa namna hii ni wengi katika maeneo yenye malaria, kwa sababu hali hiyo humkinga mtoto asiuawe na malaria kali. Katika sehemu za Nyanza ni karibu mtu mmoja kati ya kila watano au sita. Katika kundi lenu la kukimbia Jumamosi, basi, yamkini kuna mmoja au wawili.

Je, watu hawa wasikimbie? La hasha. Wanakimbia, na wengi hawapati shida maishani. Hata hivyo, mwili ukisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake kwa ghafla, kwenye joto na bila maji ya kutosha, chembe zao zaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo, misuli ikaanza kufa na figo zikaharibika. Nchini Marekani mwaka 2006, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice mwenye umri wa miaka 19 alianguka baada ya kukimbizwa mbio fupi nyingi mfululizo mazoezini, akafa kesho yake. Alikuwa na hali hii. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo vikuu nchini humo kilianza kudai wanamichezo wa daraja la kwanza wapimwe, au watie sahihi kwamba wamekataa.

Kuna habari njema pia. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 juu ya wanajeshi weusi wa Marekani karibu 48,000 ulionyesha kwamba wenye hali hii hawakufa zaidi ya wenzao, ingawa hatari ya misuli kuharibika ilikuwa juu kwa asilimia 54. Jeshi hilo lilikuwa na sheria kali kwa wote: kunywa maji, kupumzika, na kuzoea joto polepole. Yaani tahadhari huokoa maisha. Kipimo chenyewe ni cha damu, hufanywa mara moja tu, na jibu lake halibadiliki maishani.

MAZOEZI YA MAJUMA 12

Jipe majuma 12. Ukiwa Kisumu huna haja ya kusafiri mbali kutafuta mlima. Juu ya Mamboleo kuna vilima vya Riat, na upande wa mashariki kuna Kajulu. Ukitaka hewa nyepesi kidogo, nenda Maseno, ambako ni karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari ilhali ziwa liko karibu mita 1,130. Usikimbie kando ya barabara kuu ya Kakamega, kwani malori na matatu hayatakuhurumia. Fuata vijia vya vijijini, nenda na mwenzako, na uwasalimu wenyeji unapopita karibu na boma zao. Atakayekuonyesha njia ukipotea ni yule uliyemsalimu.

Majuma ya 1 hadi 4: Kimbia mara tatu kwa juma, dakika 30 hadi 45. Mara moja kati ya hizo iwe kwenye miteremko midogo. Panda kwa kutembea, shuka kwa kukimbia taratibu.

Majuma ya 5 hadi 8: Siku moja tafuta mlima usio mkali sana. Panda kwa dakika mbili, shuka ukitembea, rudia mara tano. Mwisho wa juma fanya mwendo mrefu wa dakika 75 hadi 90 kwenye vijia, kwa kasi ambayo waweza kuzungumza na mwenzako.

Majuma ya 9 hadi 11: Mwendo mrefu ufike saa mbili, kwenye ardhi inayofanana na ile ya mbio. Vaa viatu na nguo utakazovaa siku hiyo, kula na kunywa kama utakavyofanya siku hiyo.

Juma la 12: Pumzika. Kimbia mara mbili tu, dakika 20 au 30, tambarare.

Nyumbani au ofisini panda ngazi badala ya lifti. Unapopiga mswaki simama kwa mguu mmoja, kisha ubadilishe. Huonekana mchezo, lakini hufundisha kifundo cha mguu kujishika unapokanyaga jiwe linaloyumba.

KUPANDA NI PUMZI, KUSHUKA NI MAPAJA

Unapopanda, fupisha hatua, inama kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu wala si kiunoni, na utazame mita chache mbele. Pumzi ikikuzidi hata usiweze kutamka sentensi moja, tembea.

Watu wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Kwa hakika ndiko kunakoumiza zaidi. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku inajikaza, na nyuzi zake nyembamba huchanika. Ndiyo maana siku ya pili hushindwa hata kukaa kitini. Jambo la kutia moyo ni kwamba misuli hujifunza. Baada ya mazoezi machache ya kushuka, huumia kidogo zaidi, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Basi fanya mazoezi ya kushuka, ila zoezi kali la mwisho liwe siku 10 kabla ya mbio.

Shuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yamelegea, mikono imetanda kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Ukijirudisha nyuma kwa woga utateleza. Viatu viwe na soli yenye meno, na mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole ili kucha zisigongwe.

MAJI, CHUMVI NA VIDONGE

Mchana wa Kisumu hufika digrii 30 mara kwa mara. Kunywa kila usikiapo kiu, lakini usijilazimishe. Maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari, maana huzimua chumvi ya damu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo, na waliongoza ni wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Kwa mbio za saa mbili, maji ya kawaida na kitu kidogo cha sukari vyatosha.

Usiku wa kabla, kula ugali au wali na samaki kama kawaida yako. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, uji au viazi vitamu. Njiani ndizi mbivu yafaa sana.

Usimeze vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kabla ya mbio. Figo zako siku hiyo zinapata damu kidogo na tayari zina kazi ngumu. Na ukiwa na homa, usikimbie kabisa. Nenda ukapimwe malaria. Baada ya kutibiwa, ngoja homa iishe na nguvu zirudi. Mbio nyingine zitakuja.

DALILI ZA HATARI

Jifunze dalili hizi pamoja na mwenzako.

Misuli ikikaza kama jiwe na kuuma, huo ni mkakamao wa kawaida. Simama, inyooshe, kunywa, pumzika.

Lakini miguu ikilegea na kukosa nguvu, misuli ikiwa laini huku inauma, hasa katikati ya mlima mkali, usijikaze kiume. Hiyo yaweza kuwa selimundu. Acha mara moja, kaa kivulini, na upelekwe hospitali uwaambie wazi kuhusu hali ya damu yako.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba, na mwili wake ukawa moto sana, ni joto limemzidi. Mpoze kwanza kwa maji mwili mzima, palepale, huku msaada ukiitwa. Kumkimbiza hospitali bila kumpoza kwaweza kumgharimu maisha.

Kifua kikibana au ukipatwa na kizunguzungu, mbio zako zimekwisha kwa siku hiyo.

Aidha, tazama mawingu. Katika sehemu zetu mvua ya radi hupenda kuja alasiri. Ukisikia ngurumo, shuka kutoka kileleni na usijikinge chini ya mti ulio peke yake.

BAADA YA MBIO

Umefika. Tembea dakika kumi, kunywa, kula. Osha michubuko kwa sabuni na maji safi, na kama hujui ni lini ulichanjwa pepopunda, uliza zahanati.

Jambo la mwisho: usitie miguu ziwani ili kuipoza. Najua maji yanaita. Lakini kwenye maji ya kina kifupi hukaa konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache, hata isiyo na kidonda. Ndoo ya maji ya bomba hufanya kazi ileile.

Siku mbili zifuatazo mapaja yatauma, na hilo si ugonjwa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nyeusi, hata hivyo, usingoje kesho. Ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo zako zinahitaji daktari leo.

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, na huenda walikuwa wamepanda Riat. Juma hili usianze na mlima. Anza na zahanati, upimwe damu na shinikizo. Kisha Jumamosi, wewe na mwenzako, mpande mkitembea.