Uhifadhi na Usambazaji wa Utafiti Kuhusu Jumuiya za Kujitolea: Mfano wa Wikipedia

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili namna utafiti kuhusu watu wanaojitolea unavyopaswa kupangwa na kusambazwa. Mfano wetu ni Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003.

2.0 Tatizo
Kila badiliko katika kurasa za Wikipedia huhifadhiwa pamoja na tarehe yake, na mtafiti huipata data hiyo bila malipo. Hata hivyo, matokeo mengi huchapishwa katika majarida ya kulipia, ambayo wachangiaji wenyewe hawawezi kuyasoma. Isitoshe, utafiti mwingi umeegemea toleo la Kiingereza. Matokeo yake hayawezi kufanywa kanuni kwa toleo lenye wachangiaji wachache.

3.0 Hatua Zilizochukuliwa
Mkutano wa kwanza wa Wikimania ulifanyika Frankfurt mwaka 2005. Mwaka 2011 lilianzishwa jarida la kufupisha matokeo ya utafiti huu. Mwaka 2015 Wikimedia Foundation iliagiza kwamba utafiti inaoufadhili uchapishwe wazi kwa wote.

4.0 Hitimisho
Tunapendekeza bibliografia ya pamoja, itakayoonyesha kwa kila kazi lugha ya toleo lililochunguzwa, kipindi cha data, mbinu iliyotumika na mahali data ilipohifadhiwa, pamoja na ikisiri katika lugha ya wachangiaji. Bila hivyo, mchangiaji wa Kiswahili atabaki kuwa chanzo cha data tu, wala hatakuwa mshiriki katika mjadala unaomhusu.