Jumanne: Siku Ishirini na Moja

Soma Danieli 9:20–23, kisha Danieli 10:1–14. Jibu la sala ya kwanza lilimfikia Danieli lini? Na jibu la sala ya pili?

______________________________

Katika sura ya 9 Danieli alikuwa hajamaliza kuomba wakati Gabrieli alipomjia, saa ya dhabihu ya jioni. Miaka michache baadaye, katika mwaka wa 3 wa Koreshi, mtu huyohuyo aliomba majuma matatu kamili na hakuna aliyekuja. Hatuambiwi kwamba kati ya sura hizo mbili alianguka dhambini, wala kwamba imani yake ilipoa. Mjumbe alipofika hatimaye, alimwita mtu apendwaye sana, kama alivyoitwa siku ile jibu lilipokuja upesi.

Tulitafakari jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu linagusa watu tunaoketi nao kila Sabato. Dada ameomba mtoto kwa miaka minane. Ndugu amepakwa mafuta na wazee wa kanisa na bado anaumwa. Ndipo hutokea mtu, mara nyingi kwa nia njema, akawaambia, "Chunguza maisha yako." Ni kweli kwamba dhambi iliyokumbatiwa huzuia maombi (Zaburi 66:18, Isaya 59:1, 2). Lakini kujichunguza ni kazi ya mwombaji mwenyewe mbele za Mungu wake. Si hukumu ya kutolewa na jirani aliyehesabu miezi. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo, na Bwana akawakasirikia (Ayubu 42:7).

Soma tena Danieli 10:12, 13. Ni nini kilichomchelewesha mjumbe?

______________________________

Maneno ya Danieli yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Siku 21 zilizofuata hazikuwa siku za Mungu kunyamaza. Wayahudi waliorudi Yerusalemu walikuwa wameanza kulijenga hekalu, na adui zao waliwaajiri washauri ili kuwavunja moyo (Ezra 4:4, 5). Nyuma ya siasa hizo za Uajemi kulikuwa na vita ambavyo Danieli hakuviona, mpaka Mikaeli mwenyewe akaja kusaidia. Mungu hailazimishi mioyo ya watawala, na pale asipolazimisha, kazi huchukua muda. Hapa Pambano Kuu linaingia moja kwa moja katika chumba chetu cha maombi. Hata hivyo, tusiifanye sura hii kuwa kanuni ya kueleza kila kuchelewa: Paulo aliomba mara tatu, na jibu alilopewa lilikuwa neema, si kuondolewa mwiba (2 Wakorintho 12:7–9).

Danieli alisubirije? Aliendelea kula, ila aliacha chakula kitamu, nyama na divai, na hakujipaka mafuta (fungu la 3). Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na huo ulikuwa mfungo ambao mwili wake ungeweza kuubeba kwa majuma matatu. (Wenye kisukari na wanaotumia dawa wakumbuke hili kila kanisa linapotangaza mfungo.) Tena, maono yalimjia siku ya 24 ya mwezi wa kwanza. Ukihesabu kurudi nyuma, utaona kwamba Pasaka iliangukia ndani ya majuma hayo. Wakati wa kukumbuka jinsi Bwana alivyowatoa watu wake Misri, yeye alikuwa akiomboleza kwa ajili ya watu walewale, na hakuacha kuomba.

Jibu lilipokuja, halikuwa habari kwamba hekalu limekamilika. Hilo lilimalizika katika mwaka wa 6 wa Dario (Ezra 6:15), yapata miaka 20 baadaye. Danieli alionyeshwa historia ndefu ya mataifa, kisha akaambiwa aende zake, astarehe, na kwamba atasimama katika kura yake mwisho wa siku (Danieli 12:13). Biblia haisemi kwamba aliliona hekalu lile.

Je, kuna mtu katika kikundi chako ambaye amesubiri jibu kwa muda mrefu? Mmewahi kumwambia nini, na juma hili mnaweza kuomba pamoja naye siku gani na saa ngapi?