KILA SIKU NA SAA YAKE: NAMNA YA KUAMSHA AKILI WAKATI WA SHIDA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, buti na miwani. Leo tunasema juu ya chombo ambacho hakuna depo inayoweza kukupatia: akili yenye kubuni. Kubuni ni kuona njia pale ambapo wengine wanaona ukuta. Fundi anabuni anapotengeneza kitu kilichovunjika bila kipande kipya. Mama anabuni anapolisha watoto sita kwa pesa ya watoto watatu. Wakati wa shida tunahitaji sana chombo hiki, na ndio wakati kinapokatika upesi.

Shida inafanya nini kichwani?

Tumuwaze baba mmoja ambaye mshahara wake umechelewa na mtoto wake amefukuzwa shule. Usiku halali, anahesabu madeni. Asubuhi hana hamu ya kula. Kazini macho yako wazi, lakini mawazo yako nyumbani. Kapita anamwambia jambo, naye hasikii. Akili iliyojaa wasiwasi ni kama taa yenye mwangaza mwembamba: inaonyesha lile jambo moja tu la kuogopesha, na pembeni yote ni giza. Kwa hiyo baba huyu haoni jiwe linaloning'inia juu yake, wala haoni njia ya kutoka katika shida yake. Ugonjwa ni mmoja, na hasara ni mbili.

Watu wengi hungojea moyo utulie kwanza, ndipo waanze tena kufanya kitu. Sisi tunasema: anza na mkono. Mkono ukifanya kazi ndogo kila siku kwa saa ileile, moyo unaufuata polepole.

Wazee wetu wa shaba

Zamani, kabla ya wazungu kufika Katanga, wazee walikuwa wanayeyusha shaba. Walifanya hivyo wakati wa kiangazi, kiisha kuvuna mtama. Walichimba jiwe la kijani, wakachoma makala, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto kwa mivuo ya ngozi. Shaba waliimimina katika kalibu, ikawa misalaba iliyotumika kama fedha hata mbali sana. Kila jambo lilikuwa na wakati wake na mtu wake, na mkubwa wa kazi aliongoza desturi za wakubwa waliotangulia.

Desturi hizo zilisaidia nini? Fundi hakupoteza nguvu kujiuliza kila asubuhi: leo tuanze wapi? Jambo hilo lilikuwa limekwisha kupangwa. Akili yake yote ilibaki kwa ajili ya moto, kwa maana moto haufanani siku zote, na hapo ndipo ufundi ulipotakiwa. Utaratibu ulibeba mzigo wa kila siku, na akili ikabaki huru kwa jambo gumu.

Mistari midogo ya Mwenze

Mwaka wa 1946, katika Lubumbashi iliyoitwa wakati ule Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha nyumba ya kupaka picha iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka mafundi wake waige picha za Ulaya. Alitaka watazame pori, maji na wanyama, na wachote katika kumbukumbu yao wenyewe. Hapo walitokea Pilipili Mulongoy, aliyepaka samaki na ndege. Bela Sara, aliyepaka kwa vidole vyake. Na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake kwa mistari midogo midogo ya rangi.

Ukitazama picha ya Mwenze kwa karibu, unaona mstari mmoja mfupi, halafu mwingine, halafu mwingine. Hakuna mmoja wao unaoshangaza. Rudi nyuma hatua tatu, nawe unaona watu na wanyama. Siku zetu nazo ni hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Miaka migumu ilitufundisha

Wengi wanakumbuka miaka ya 1990. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa tisa wa 1990 mine ya Kamoto iliporomoka chini ya udongo, na kufika 1994 shaba yote ya mwaka haikufika tani 40,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari.

Ni nani aliyeokoa nyumba nyingi wakati ule? Ni mama zetu. Walilima mashamba kandokando ya mji, wakauza makala, unga na vitumbua. Wengi waliingia katika likelemba: siku ileile, kila mtu anatoa pesa ileile, na mmoja anapokea zote kwa zamu yake. Tazameni vizuri. Siku haibadiliki, pesa haibadilika. Lakini kwa sababu mama alijua zamu yake itafika, aliweza kuwaza biashara mpya. Utaratibu ulimpa ujasiri wa kubuni.

Mambo matano ya kufanya nyumbani na kazini

1. Linda usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Ukitoka kazi ya usiku, funika dirisha, nawa, kisha ulale kwa saa ileile kila mara. Mama, waeleze watoto na majirani kwamba baba analala. Ukumbuke kwamba kati ya usiku wa manane na mapambazuko mwili unavutwa sana na usingizi; ndipo ajali inapotafuta mtu.

2. Weka mpaka kati ya kazi na nyumba. Vua nguo za kazi, oga, ukae kidogo na kuuliza habari za watoto kabla ya kusema juu ya madeni. Ukifanya hivyo kila siku, mwili unafahamu kwamba kazi imekwisha.

3. Jitengee robo saa ya mkono. Chonga, shona, piga gita, tengeneza kiti, otesha mboga nyuma ya nyumba, au mfundishe mtoto kutengeneza gari la nyaya. Chagua jambo moja na saa moja. Siku ambayo huna moyo, fanya dakika tano tu, lakini usiruke.

4. Andika wazo. Weka daftari ndogo karibu na kitanda. Deni lililoandikwa linapunguza kelele kichwani. Na wazo zuri lililoandikwa halipotei.

5. Usitafute usingizi ndani ya lutuku. Pombe inaangusha mtu upesi, halafu inamwamsha katikati ya usiku akiwa amechoka zaidi.

Angalisho

Kubuni kuna mahali pake. Kazini, sheria za usalama hazibadilishwi na mtu mmoja. Usiondoe kinga ya masini ili kazi iende mbio, wala usiruke ukaguzi wa dari kwa kuwa jana ilikuwa nzuri. Ukiona njia bora, mwambie kapita, mwijadili pamoja, ijaribiwe kabla ya kutumika. Ukaguzi wa kila asubuhi ni desturi yetu sisi, kama zile za wazee kwenye tanuru: tunaufanya kwa mpango uleule ili macho yawe huru kuona kitu kilichobadilika.

Tena, kama huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu kunapita juma mbili, usijifiche. Nenda dispansari ueleze. Na kama mtu anasema hataki kuishi tena, msimwache peke yake. Mmpeleke siku ileile. Hiyo si aibu, kama vile mguu uliovunjika si aibu.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

- Ni saa gani katika siku yetu isiyobadilika hata pesa ikikosekana?
- Kila mmoja wetu anajua kufanya nini kwa mikono yake, na amekiacha tangu lini?
- Baba anapotoka kazi ya usiku, sisi tunaweza kufanya nini ili alale?
- Wiki hii, robo saa yetu tutaiweka wapi?

Jibuni mbele ya watoto, kisha muanze kesho.