Walinzi wa Msitu Wasio na Mshahara: Maswali na Majibu

Moshi mzito mweupe ukipanda juu ya miombo, mzoefu wa doria hujua kwamba tanuri la mkaa limewashwa karibuni. Ukiwa mwembamba na wa rangi ya samawati, mkaa unakaribia kuiva, na wenyewe hawako mbali. Ujuzi huo wanao wanavijiji wengi wa Tanzania wanaojitolea kulinda misitu na vyanzo vya maji. Haya ni baadhi ya maswali yanayohusu kazi yao.

Swali: Utaratibu huu ulianzia wapi?

Mfano unaotajwa sana ni Duru-Haitemba, wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipanga kuufanya msitu huo kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia habari hiyo walikimbilia kukata walichoweza, wakijua kesho watafungiwa. Mpango ukageuzwa: vijiji vinane vikakabidhiwa msitu, kila kimoja kipande chake, kikaweka mipaka, kanuni na walinzi wake. Walinzi hawakulipwa mshahara, ila walisamehewa kazi nyingine za kijiji. Wale wale waliokuwa wakikata wakawa ndio wanaozuia wengine wasikate.

Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuupa mtindo huo nguvu nchi nzima.

Swali: Je, mwananchi yeyote anaweza kumtoza faini mkata miti?

Hapana. Kazi hiyo ni ya kamati ya maliasili, inayoundwa kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Kanuni zake hupelekwa halmashauri ya wilaya ziidhinishwe kuwa sheria ndogo. Kijiji kikiiruka hatua hiyo, faini yake haina miguu mahakamani. Na kila shilingi inayotozwa inahitaji stakabadhi. Bila stakabadhi, mlinzi ndiye atakayeonekana mwizi.

Swali: Doria yenyewe inakuwaje?

Huendi peke yako. Kundi hupita kwenye mipaka na njia za panya, likisikiliza shoka na msumeno. Likikuta kisiki kibichi, huandika tarehe, mahali, aina ya mti na unene wa kisiki. Daftari hilo ndilo linaloonyesha, baada ya miezi kadhaa, ni upande gani unaoliwa zaidi. Likikuta watu wenye silaha, hurudi nyuma na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa misitu au polisi. Ushujaa wa kupambana nao si sehemu ya kazi.

Swali: Na mito?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya, ambazo husimamia zamu za kumwagilia na kusuluhisha ugomvi.

Kulinda mto ni kugumu kwa namna yake. Anayeharibu msitu mara nyingi hutoka nje, lakini anayemaliza maji huenda ni jirani mwenye shamba upande wa juu. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mnamo 1993. Moja ya sababu kuu ni maji mengi kuchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu.

Swali: Wanaojitolea wanapata nini?

Inategemea msitu ni wa nani. Katika hifadhi ya msitu ya kijiji, mapato ya mazao halali hubaki kijijini. Kilwa ni mfano: mwaka 2009 vijiji vya huko vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha FSC, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii. Miongoni mwa miti yao ni mpingo, unaotengenezewa klarineti. Katika msitu wa serikali unaolindwa kwa ubia, fungu la kijiji hufuata mkataba, na mkataba ukichelewa kusainiwa walinzi huchoka.

Swali: Asiyeweza kwenda doria afanye nini?

Ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Aombe asomewe mapato na matumizi ya kamati, na aulize faini za robo iliyopita zilikwenda wapi.