Idete ipi? Kutenganisha majina ndani ya ujumbe wa XML

Ukitaja Idete ukiwa Ifakara, watu wataelewa kata ya bonde la Kilombero. Itaje Iringa, watakuelekeza Kilolo, maana huko nako kuna Idete. Binadamu atauliza, "Ipi?" Seva inayopokea data haina wa kumuuliza.

Tatizo hili halikwepeki pale taarifa za watu zinapokusanywa kwa wingi, kama Taasisi ya Afya Ifakara inavyofuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu 1996: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Siku hizi kazi za namna hii hufanywa sana kwa tableti, na fomu za ODK, programu maarufu ya ukusanyaji, hutumia muundo wa XML.

Tuseme ujumbe mmoja umebeba namba ya kaya na namba ya kadi ya zahanati. Zinatenganishwa kwa nemspesi, utaratibu uliopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 1999:

<ujumbe xmlns:k="http://example.org/kaya"
  xmlns:z="http://example.org/zahanati">
  <k:namba>0417</k:namba>
  <z:namba>882</z:namba>
</ujumbe>

Herufi k na z ni vifupisho tu. Kitambulisho chenyewe ni ile anwani ndefu. Hapa ndipo wengi huumia. Mtu anaandika programu inayotafuta maneno "k:namba", inafanya kazi vizuri, kisha upande unaotuma unabadilisha mitambo na vifupisho vinakuja ns1 na ns2. Ujumbe bado ni sahihi kabisa, ila programu haioni kitu. Tafuta kwa anwani na jina la elementi, usitegemee kifupisho.

Anwani hiyo haifunguliwi kama tovuti, kwa hiyo tableti iliyoko Mlimba bila mtandao haipungukiwi na chochote. Lakini hulinganishwa herufi kwa herufi: http na https ni mbili tofauti, na mkwaju mmoja ukizidi mwishoni ni anwani nyingine. Inakili, usiichape upya.

Ukiandika xmlns peke yake, bila kifupisho, anwani inaifunika elementi hiyo na zote za ndani zisizo na kifupisho, ila sifa zake haziguswi. Kwa kuwa elementi zimefunikwa, utafutaji wa "namba" tupu kwa XPath, lugha ya kutafutia ndani ya XML, huambulia patupu wakati namba unaiona kwa macho.

Kwenye SOAP, itifaki ya kutumiana ujumbe wa XML, toleo 1.1 na 1.2 hutofautishwa kwa nemspesi ya bahasha. Ukirudishiwa kosa la VersionMismatch, achana kwanza na nywila. Kagua mstari wa bahasha.

Anwani ibadilishe pale tu maana ya data inapobadilika, si kila unapoongeza swali. Na ukishaibadilisha, usiifute ya zamani kwenye seva mara moja: tableti iliyokwama mashambani wakati wa mafuriko itarudi na fomu zenye anwani ile ile ya kale.